Kusoma Barua za Kale za Pwani: Mwongozo wa Kazi katika Maktaba ya Hati

Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa, India. Zilifika huko kwa sababu Wareno, ingawa walikuwa wameshapoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, waliendelea kufuatilia mambo ya pwani kutoka Goa, makao makuu ya utawala wao wa mashariki. Kwa kawaida barua haibaki kwa aliyeiandika. Hubaki kwa aliyeipokea, aliyeinasa, aliyeinunua au aliyeirithi. Kwa hiyo anayetafuta maneno ya mtu wa Kilwa, Lamu au Ujiji huanza kwa kuuliza mtu huyo alimwandikia nani, na karatasi za huyo aliyeandikiwa ziliishia wapi.

Mwongozo huu unahusu barua za watu binafsi na za wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki, hasa za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kuzitafuta, kuziomba, kuzishika, kuzisoma, kuzipa tarehe, kuzilinganisha na kuzinakili.

Barua zilipo

Kundi la kwanza ni barua zilizopokewa na serikali. Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizoko Kilimani, zina barua za masultani pamoja na kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ubalozi huo uliwajibika kwa serikali ya Bombay. Kwa sababu hiyo barua nyingi za Unguja au nakala zake zimo katika nyaraka za Mumbai na katika kumbukumbu za India Office zilizoko British Library, London. Kwa upande wa Tanganyika, majalada ya utawala wa Wajerumani yamegawanyika kati ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na Bundesarchiv, Berlin. Ndani ya majalada hayo hujitokeza barua za Kiswahili za maliwali, maakida, majumbe na wafanyabiashara, nyingine kwa herufi za Kiarabu na nyingine kwa herufi za Kilatini.

Kundi la pili ni barua zilizokusanywa na wamisionari na wasomi. Barua za Church Missionary Society, iliyomtuma Ludwig Krapf akafika Mombasa mwaka 1844, zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Za Universities' Mission to Central Africa zimo Oxford. Maktaba ya SOAS, London, ina karatasi za W. E. Taylor, William Hichens na Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa. Humo zimo barua za Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na fundi wa kuandika, aliyewanakilia wasomi wa Ulaya tenzi na kuandikiana nao kuhusu kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko ulioanzishwa na J. W. T. Allen, ambao katalogi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970.

Kundi la tatu ni karatasi za watu binafsi na kampuni. Karatasi za John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Za William Mackinnon, mwanzilishi wa Imperial British East Africa Company, zimo SOAS. Karatasi za Sayyida Salme binti Said, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden pamoja na vitabu vya mwanawe Rudolph. Hati za Kiarabu na Kiswahili zilizotoka mashariki ya Kongo wakati wa wafanyabiashara kama Tippu Tip zimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako pia kuna karatasi za Henry Morton Stanley. Barua za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuja Unguja kununua pembe za ndovu na sandarusi, zimo katika Phillips Library ya Peabody Essex Museum, ambayo tangu mwaka 2018 iko katika mji wa Rowley.

Ikitazamwa orodha hii, upungufu wake ni dhahiri: karibu kila mkusanyiko mkubwa ulioko nje uliwekwa na mgeni. Barua ambazo mfanyabiashara wa Bagamoyo alimwandikia ndugu yake wa Tabora hazikuwa na maktaba ya kuzipokea. Zilizosalia ni zile zilizoangukia mikononi mwa balozi, afisa au padri, na sababu ya kuangukia huko ni sehemu ya maana yake.

Kutafuta katika orodha

Maktaba za hati hazipangi karatasi kwa mada kama vitabu vinavyopangwa. Karatasi za mtu mmoja au kampuni moja huwekwa pamoja, na ndani yake hudumishwa kadiri iwezekanavyo mpangilio ule ule aliouweka mwenyewe. Orodha huanza na mkusanyiko mzima, ikashuka kwenye sehemu, kisha sanduku, kisha jalada, na mara chache hufikia barua moja moja. Jalada linaweza kuandikwa tu "Barua zilizopokewa, 1870–1875", nalo lina barua mia kutoka kwa watu arobaini. Kwa hiyo kukosa jina katika orodha si dalili kwamba barua haipo.

Majina hutafutwa kwa tahajia zote zinazowezekana. Waandishi wa Ulaya na Marekani waliandika walivyosikia: Sultani Barghash huonekana kama Bargash na Burgash, Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyemkopesha Tippu Tip mtaji wa safari, huandikwa Tharia na Tarya, Tippu Tip mwenyewe ni Hamed bin Muhammed, Hamid bin Muhammad au Tippoo Tib. Katika barua za Wamarekani, Seyyid Said huitwa Imaum wa Maskati. Bidhaa nazo hutafutwa kwa jina la kibiashara la wakati huo. Sandarusi, kwa mfano, iko chini ya gum copal.

Kabla ya kusafiri ni vyema kuandikia maktaba na kuuliza mambo manne: kama mkusanyiko uko wazi kwa wasomaji, kama umehifadhiwa katika jengo lile lile au huletwa kutoka ghala la mbali, kama kuna picha zake mtandaoni, na kibali gani kinatakiwa. Nyaraka za serikali za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya kila moja ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, na barua ya utambulisho ya chuo au taasisi hurahisisha mambo. Miswada mingi ya Kiswahili ya SOAS imeshapigwa picha, na kupitia mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini zimepigwa picha hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu. Pale picha zilipo, msomaji huzimaliza kwanza, akabakiza safari kwa yale ambayo picha haionyeshi.

Mezani

Katika chumba cha kusomea hutumika penseli, si kalamu ya wino. Mikono huoshwa na kukaushwa. Kwa barua za karatasi maktaba nyingi siku hizi hazitaki glavu za pamba, kwa sababu vidole vyenye glavu havihisi ncha iliyochakaa na huichana kwa urahisi. Glavu hutumika kwa picha na kwa vitu vya madini. Jalada hufunguliwa moja kwa wakati, na karatasi hugeuzwa moja moja bila kuvuruga mfuatano wake. Karatasi iliyokunjwa kwa miaka mia haikunjuliwi kwa nguvu, huitiwa mhudumu. Picha hupigwa bila mwanga wa flashi.

Wino wa masizi, uliotumiwa sana katika hati za Kiarabu za pwani, huyeyuka ukiguswa na maji, hivyo kidole chenye jasho kinatosha kufuta irabu. Wino wa chuma wa Ulaya una hatari nyingine. Ulaji wake wa karatasi huacha matundu mahali palipokuwa na herufi, na karatasi ya namna hiyo hubebwa juu ya kadi ngumu badala ya kushikwa pembeni.

Kukagua kabla ya kusoma

Barua ni kitu kabla ya kuwa maneno. Kabla ya kusoma mstari wa kwanza, huandikwa daftarini ukubwa wa karatasi, mikunjo yake, rangi ya wino, muhuri, alama za lakiri na maandishi yote yaliyo nje. Karatasi ikiinuliwa kuelekea mwanga huonyesha chapa ya kiwanda. Chapa ya hilali tatu ya karatasi za Italia ilienea sana katika nchi za Mashariki, na mara nyingine kiwanda kiliweka mwaka katika chapa. Barua haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, hata tarehe yake ikisema vingine.

Upande wa nje mara nyingi una habari zisizomo ndani: jina la mpokeaji na mji, jina la nahodha au mtu aliyekabidhiwa barua, na katika barua za Kiarabu tarakimu 8642, ambazo ziliaminiwa kuifikisha barua salama. Msomaji asiyejua desturi hiyo anaweza kuzichukua kuwa ni bei au hesabu. Kuna pia maandishi ya mpokeaji: tarehe aliyoipokea, jina la mwandikaji kwa herufi za Kilatini, muhtasari wa neno moja au mawili. Maandishi haya ni ya mkono wa pili na wa wakati mwingine, nayo hunakiliwa mbali na barua yenyewe.

Jina lililo mwishoni si lazima liwe la mkono ulioandika. Watu wengi, wakiwemo matajiri, waliandikiwa na makatibu. Mwisho wa barua huangaliwa: neno *biyadihi* humaanisha mtu ameandika kwa mkono wake, na maneno ya "kwa amri ya" huonyesha katibu. Mfano mmoja unajulikana vizuri kutokana na kumbukumbu alizozichapisha Sayyida Salme mwaka 1886. Alijifunza kuandika kwa siri akiwa mtoto, na mwaka 1859, katika njama ya kumwondoa Sultani Majid na kumweka nduguye Barghash, yeye ndiye aliyewaandikia wenzake barua kwa sababu alijua kalamu. Binti wa miaka kama 15 aliandika, na watu wazima wakatoa majina. Kwa hiyo hati za mikono hulinganishwa baina ya barua na barua. Huenda barua kumi za watu kumi ni za katibu mmoja.

Mwendo wa barua ya pwani

Barua ya Kiswahili ya karne ya 19 ina mpangilio unaotabirika, na kuujua mpangilio huo ni nusu ya kazi ya kuisoma. Huanza kwa Kiarabu: kumtaja mpokeaji kwa sifa nyingi, kisha salamu, rehema na baraka. Huja *wa baadu*, yaani "na baada ya hayo", na hapo ndipo Kiswahili huanza katika barua nyingi. Mwandikaji hueleza kwamba yeye ni mzima na anataraji mwenzake ni mzima, hukiri kupokea barua iliyotangulia, ndipo akaingia kwenye shauri lenyewe. Mwisho huja salamu kwa watu wa nyumbani wa mpokeaji, salamu kutoka kwa walio upande wa mwandikaji, jina na tarehe.

Msomaji mgeni hushawishika kuruka salamu ili afike kwenye biashara. Ni kosa. Sifa anazopewa mpokeaji zinaonyesha cheo chake machoni pa mwandikaji: kama ni *sheikh*, *muhibu*, ndugu au mtoto. Sifa zikipungua kutoka barua moja hadi nyingine kati ya watu wale wale, huenda uhusiano umeharibika kabla ugomvi haujatajwa. Majina katika salamu za mwisho ndiyo njia pekee ya kuwajua wengi wa watu wa nyumba ile. Sentensi ya "barua yako imewasili" nayo hutaja barua ambayo huenda haipo tena, na hufaa kuandikwa katika orodha ya barua zilizopotea.

Wajerumani walilitambua hitaji la kujua mwendo huu. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mwaka 1892, na Carl Velten akatoa mwongozo wa kujifunza mwandiko wa Waswahili mwaka 1901, vyote kwa ajili ya maafisa waliokwenda Afrika. Vitabu hivyo bado vinafaa kwa mazoezi kabla ya kukabili barua halisi.

Kusoma herufi

Ugumu mkubwa wa barua hizi ni kwamba herufi za Kiarabu hazikuwa na alama kwa sauti zote za Kiswahili. Katika mwandiko wa kawaida *be* ilisimama kwa b, p na mb; *fe* kwa f na v; *dali* kwa d na nd; *jimu* kwa j na nj; *ghaini* kwa g, ng na ng'. Sauti ch iliandikwa mara kwa *shini*, mara kwa *kafu*. Kasra ilibeba i na e, na dhuma ilibeba u na o. Wapo waliojaribu kuziba mapengo hayo: W. E. Taylor alifanya kazi Mombasa pamoja na Mwalimu Sikujua kutafuta mwandiko wa nukta za nyongeza, na waandishi wengine walichukua herufi za Kiajemi. Lakini mwandika barua za kila siku aliandika kama alivyofundishwa chuoni, naye alijua msomaji wake ataelewa.

Chukuliwe neno lenye *fe* na kasra, kisha *te* na dhuma. Linaweza kusomwa "vitu", na linaweza kusomwa "fito". Katika barua ya mfanyabiashara wa Lamu au Unguja vyote viwili vina mantiki, maana fito na boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Arabuni kila msimu. Kinachoamua ni maneno ya jirani. Likifuatwa na "korija tano", ni fito, kwa kuwa miti ya mikoko ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Hakuna anayehesabu "vitu" kwa korija. Vivyo hivyo *be* mbili zenye fataha, yaani irabu a, huwa "baba", "papa", "bamba" au "pamba". Papa mkavu alikuwa bidhaa, pamba ilikuwa bidhaa, na baba husalimiwa mwishoni mwa barua. Neno moja lisipoamuliwa vizuri, salamu hugeuka shehena.

Utaratibu unaofaa ni hatua tatu. Kwanza hunakiliwa herufi zilivyo, bila kuongeza wala kusahihisha. Pili huandikwa usomaji kwa herufi za Kilatini, na neno lenye usomaji zaidi ya mmoja hupewa alama, na usomaji mwingine huwekwa pembeni. Tatu hutolewa maelezo au tafsiri. Hatua hizi zikichanganywa, msomaji wa baadaye hawezi kujua ni lipi liliandikwa na ni lipi lilikisiwa.

Lahaja pia huheshimiwa. Mtu wa Lamu au Mombasa akiandika "nti" hajakosea "nchi". Kusawazisha lugha yake kwa Kiswahili sanifu ni kufuta ushahidi wa alikotoka mwandikaji au katibu wake.

Tarehe

Barua nyingi za Waislamu zina tarehe ya Hijria. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hutangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa makadirio ya haraka, mwaka wa Hijria hugawanywa kwa 33, jibu hutolewa katika mwaka wenyewe, kisha huongezwa 622. Mwaka 1305 ukigawanywa kwa 33 hutoa karibu 39.5, 1305 kutoa 39.5 ni 1265.5; ukiongeza 622 hupatikana kati ya 1887 na 1888. Makadirio hayo hutosha kuchagua jalada, lakini hayatoshi kuandika historia. Kwa tarehe kamili hutumiwa jedwali la kubadilishia: tarehe 12 Rajabu 1305 huangukia 25 Machi 1888, siku ya Jumapili.

Hata jedwali lina nafasi ya siku moja mbele au nyuma, kwa sababu mwezi uliandama kwa kuonekana. Barua ikitaja siku ya wiki, siku hiyo ndiyo hukata shauri. Ikumbukwe pia kwamba siku ya Kiislamu huanza jua linapokuchwa. Ukaguzi huu una faida ya wazi: Seyyid Barghash alifariki mwishoni mwa Machi 1888 na kurithiwa na nduguye Khalifa. Barua inayosema tu "Seyyid" bila jina inaweza kuwa ya sultani mmoja au mwingine kwa tofauti ya siku chache.

Pwani ilikuwa pia na majina yake ya miezi, yanayohesabiwa kuanzia kufunguliwa kwa saumu: Shawwal ni mfungo mosi, Dhulhija ni mfungo tatu, Rabiul Awal, mwezi wa Maulidi, ni mfungo sita, na kuendelea hadi mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Barua isiyo na tarehe kabisa huwekewa mipaka kwa mambo iliyoyataja: sultani, bei, jahazi, vita, au sarafu. Barua ya Tanganyika inayotaja heller, kwa mfano, si ya kabla ya mwaka 1904, kwani kabla ya hapo rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64.

Fedha na vipimo

Barua za biashara hazieleweki bila vipimo vyake. Riale ya karne ya 19 ni sarafu ya fedha ya Maria Theresa, iliyoendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780; riale moja ilihesabiwa kuwa zaidi kidogo ya rupia mbili za India, na kadiri karne ilivyosogea rupia ndiyo iliyotawala. Frasila ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16, na kwa kipimo hicho zilipimwa pembe, sandarusi na karafuu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi: vibaba vinne ni pishi moja, na pishi 60 ni jizla. Nguo ilipimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane, na gora ni kipande kizima cha kitambaa kama kilivyotoka kiwandani. Vipimo hivi vilitofautiana kati ya mji na mji. Hivyo katika nakala huachwa kama vilivyoandikwa, na ubadilishaji huwekwa katika maelezo.

Barua za kampuni: mfano wa Salem

Marekani na Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard P. Waters wa Salem alifika Unguja kama balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Alikuwa pia mfanyabiashara, naye alishirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha. Kutoka Salem zilikuja gora za kitambaa kigumu cha pamba kilichopata jina la marekani. Kwenda Salem zilikwenda pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Sehemu ya barua hizo ilichapishwa mwaka 1965 katika kitabu cha Norman Bennett na George Brooks kuhusu wafanyabiashara wa New England barani Afrika, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyeweza kufika Rowley.

Barua za kampuni zina desturi zake. Safari ya baharini ilichukua miezi na meli huzama, kwa hiyo barua muhimu iliandikwa mara mbili au tatu na kupelekwa kwa meli tofauti. Mtafiti akikuta barua mbili zinazofanana haoni marudio ya bure. Nakala ya pili mara nyingi ina habari za nyongeza chini yake, zilizotokea baada ya meli ya kwanza kung'oa nanga. Barua zilizotoka zilinakiliwa katika vitabu vya nakala. Njia moja ilikuwa kuandika upya kwa mkono. Nyingine, iliyotumia mashine aliyoipatia hataza James Watt mwaka 1780, ilikuwa kugandamiza barua yenye wino mbichi juu ya karatasi nyembamba yenye unyevu. Wino ulihamia kinyume, na maandishi husomwa kutoka upande wa pili wa karatasi. Kurasa hizo huwekewa karatasi nyeupe nyuma yake ili zionekane, nazo hazianikwi kwenye mwanga mkali.

Msomaji huzingatia pia mwendo wa habari. Kabla ya meli za mvuke, barua ya Maskati au Bombay ilifuata pepo: iliondoka Unguja na kusi, na jibu lake likaja na kaskazi, kwa hiyo jibu la miezi minane si dalili ya uzembe. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kila mwezi, na mwaka 1879 waya wa simu ya baharini ukafika Unguja kutoka Aden. Tangu hapo bei na maamuzi ya haraka vilikwenda kwa simu, na barua ikabaki na maelezo, malalamiko na uthibitisho. Anayesoma barua peke yake baada ya mwaka huo anasoma nusu ya mazungumzo.

Kuunganisha na kunakili

Barua moja ni dai la mtu mmoja. Mfanyabiashara anayemwandikia mdai wake kwamba pembe zimechelewa njiani huenda anasema kweli, na huenda anavuta muda. Dai hilo hupimwa kwa jibu la mdai, kwa daftari la forodha, kwa barua ya mtu wa tatu. Hukumbukwa pia nani hayumo. Watumwa na wapagazi waliobeba barua na shehena hutajwa kwa idadi. Wanawake hutajwa katika salamu. Kutosikika kwao kumetokana na jinsi barua zilivyoandikwa na kuhifadhiwa, nako hutajwa wazi katika kazi ya mtafiti.

Kila nakala huambatana na jina la maktaba, jina la mkusanyiko, namba ya sanduku na jalada, majina ya mwandikaji na mpokeaji, mahali na tarehe, na kama ni barua asili, nakala au tafsiri ya zamani. Namba ya jalada ikikosekana, barua huwa imepotea upya, kwa sababu hakuna atakayeipata tena kuhakiki. Suala la haki huulizwa kabla ya kuchapisha. Maktaba inaweza kumiliki karatasi bila kumiliki haki ya maneno, ambayo kwa kawaida ni ya mwandikaji na warithi wake. Nchini Uingereza, barua nyingi ambazo hazijachapishwa za watu waliofariki kabla ya 1969 zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2039, hata zikiwa za karne ya 19.

Barua nyingi za pwani hazimo katika maktaba yoyote. Zimo katika masanduku ya majumbani Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Maskati. Zilizo nyumbani hazitiwi plastiki ya kubanwa kwa joto, hazibandikwi utepe wa gundi, wala hazifungwi kwa pini. Huwekwa bapa katika bahasha safi za karatasi, mahali pakavu pasipofikiwa na jua wala mchwa, na hupigwa picha pande zote mbili. Familia inayoamua kuzikabidhi kwa nyaraka za taifa au chuo kikuu idai hati ya makubaliano inayosema nani anaruhusiwa kuzisoma na kuzichapisha. Na kabla ya lolote kati ya hayo, mwenye barua akae na wazee wake aandike ni nani waliotajwa humo, walikuwa na udugu gani, na barua ilifikaje nyumbani. Habari hizo hazimo katika karatasi, na hakuna maktaba itakayoweza kuzirudisha wazee wakishaondoka.